Shamba la kijijini: fuatilia asili ya umiliki kabla hujalipa

Ukitaka kununua shamba kijijini Tanzania Bara, usiishie kuuliza ni la nani. Uliza limemfikiaje. Kila utawala ulibadili kanuni za ardhi, na madai mengi huzuka pale kanuni zilipobadilika.

Mwulize muuzaji: alirithi, alinunua au aligawiwa na kijiji, na mwaka gani? Kama alirithi, akuoneshe barua ya usimamizi wa mirathi. Mtoto mmoja kuuza urithi wa ndugu watano ni kesi inayokungoja.

Kisha kaa na wazee juu ya kipindi cha Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya kuwakusanya watu katika vijiji miaka ya 1970; hapo usiharakishe. Watu walihamishwa, mashamba yao wakapewa wengine, mara nyingi bila karatasi yoyote. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kilithibitisha ugawaji wa kuanzia 1 Januari 1970 hadi 31 Desemba 1977, hata uliofanyika kinyume cha sheria. Kwa hiyo anayesema "babu alilima hapa tangu 1960" hana ushindi wa moja kwa moja. Ulizia pia kama mahakama iliwahi kutoa hukumu juu ya eneo hilo, maana hukumu inaweza kubadili hesabu yote. Lakini usimdharau asiye na hati: mwaka 1994, katika kesi ya Akonaay, Mahakama ya Rufani ilisema haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba.

Shamba likiwa sehemu ya lililokuwa la mkonge au la mlowezi, njia ni nyingine. Wajerumani walitangaza mwaka 1895 kuwa ardhi isiyothibitishwa mwenyewe ni ya dola. Umiliki huru (freehold, yaani wa kudumu usio na ukomo wa muda) uliobaki ulifutwa mwaka 1963 na kugeuzwa upangaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 upangaji huo ukawa haki ya kumiliki ardhi tunayoijua leo. Hati ya zamani ya umiliki huru, basi, haikupi kitu. Omba upekuzi rasmi wa kumbukumbu za shamba kwa Msajili wa Hati. Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha: wananchi wamelima shamba lililotelekezwa kwa miaka mingi, kijiji kinaligawa, kumbe hati haijafutwa na bado ina jina la kampuni. Ardhi yenye hati hiyo si ya kijiji, na halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kuigawa.

Mambo yakiwa safi, tembeeni mipaka na majirani wa pande zote, nao wasaini. Pata ridhaa ya mwenza wa muuzaji kwa maandishi. Maombi yapite kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji, nawe uchukue nakala ya muhtasari. Muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Baada ya hapo omba hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lako, na uhakikishe imeingizwa kwenye masjala ya ardhi ya kijiji.