Jinsi ya kupanga hatua za ukuaji wa krasteshia wa Orsten

Visukuku vingi vya krasteshia, yaani jamii ya kamba na kaa, hutuachia gamba tupu. Mawe ya chokaa ya Orsten, kusini mwa Uswidi, yana umri wa takriban miaka milioni 500, na ndani yake mna miguu na vinyweleo vilivyogeuka fosfeti (aina ya madini) kabla ya kuoza. Mtaalamu wa visukuku Klaus J. Müller ndiye aliyeonyesha hazina hii miaka ya 1970.

1. Yeyusha jiwe. Loweka vipande katika asidi asetiki ya asilimia 10. Mimina asidi kwenye maji, kamwe si kinyume chake, na vaa glavu. Asidi hidrokloriki iache kabisa: ina kasi, lakini huyeyusha fosfeti pia, na mnyama mwenyewe hutoweka.

2. Chuja. Chekecheke la mikromita 63 linatosha. Maji yapite polepole. Usisugue.

3. Okota. Tumia hadubini na brashi nyembamba mno, maana karibu wote hawafiki milimita 2. Vipande vya miguu navyo viokote; mara nyingi ndivyo vinavyoonyesha kiungo kilichofichika kwa mnyama mzima. Bandika, paka utando wa dhahabu, kisha piga picha kwa hadubini ya elektroni kutoka pande kadhaa.

4. Panga. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa usiwe na haraka. Anza na lava wa nauplio, yaani mtoto wa hatua za mwanzo, mwenye jozi tatu tu za viungo: antena za kwanza, antena za pili na mandibula (taya). Kisha hesabu pingili na miguu ya kila mmoja kabla ya kupima urefu, kwani mwili uliosinyaa au kuvimba baada ya kufa hudanganya rula. Kichipukizi cha mguu kiandike kama kichipukizi, usikihesabu kama mguu kamili. Mara nyingi tofauti kati ya hatua moja na inayofuata ni hiyo tu. Kwa njia hii mtaalamu wa visukuku Dieter Walossek, mwaka 1993, alieleza hatua 30 za ukuaji wa Rehbachiella kinnekullensis, krasteshia mmoja wa Orsten, katika mifululizo miwili.

Penye pengo, acha pengo. Mnyama akijivua gamba huweza kuongeza zaidi ya kitu kimoja, hivyo hatua ya kubuni itaharibu mfululizo mzima. Na aliye mkubwa kuliko wote usimwite mzima bila ushahidi: Rehbachiella aliyekomaa hajapatikana.