Kabla Hujaenda Shambani Kuchuma Stroberi

Mara yangu ya kwanza kwenda kuchuma stroberi nilibeba ndoo ya rangi ya lita 20, niliyoisugua wiki nzima hadi harufu ikaisha. Nilichuma ikajaa. Nikapanda matatu kutoka Molo, ndoo nimeibana katikati ya miguu, nikafika Nakuru na mchuzi mwekundu. Juu kulikuwa na matunda mazima ya kujaza bakuli moja. Yaliyobaki yalikuwa uji. Mama mwenye shamba alikuwa ameiona ile ndoo tangu asubuhi, akacheka kidogo, akanyamaza. Nami sikumuuliza anacheka nini.

Kwa hiyo naanza na chombo, ingawa wengi huanza na safari. Stroberi haina ganda la kuilinda. Uzito wa zilizo juu huziponda zilizo chini, na moja ikipasuka maji yake hulowesha jirani zake, ukungu ukapata pa kuanzia. Beba kitu kipana na kifupi: beseni, sinia lenye ukingo, au katoni uliyoikata ikabaki na kimo cha kiganja. Tandika kitambaa safi cha pamba. Tabaka tatu zinatosha, na ukitaka nyingi beba vyombo vingi, usiongeze kimo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na hata ingekuwepo isingefaa, kwa sababu tunda lililofungiwa humo hutoa jasho na kuoza. Kwa mboga za majani chukua kiondo. Kisha usiku wa kuamkia safari gandisha chupa mbili tatu za maji. Utazivingirisha kwa taulo na kuzipanga kando ya matunda wakati wa kurudi, na zikiyeyuka utakunywa.

Jambo la pili ni simu, na simu hiyo ipigwe siku mbili kabla, si ukiwa tayari kwenye steji. Stroberi ikishaanza kuzaa huchumwa kila baada ya siku mbili au tatu, na mkulima ana wateja wake: hoteli, mama wa sharubati, dalali anayepeleka sokoni mjini. Ukifika siku moja baada ya dalali utakuta majani na vitunda vya kijani. Usiulize "Mna stroberi?" kwa sababu jibu la swali hilo ni ndiyo mwaka mzima. Uliza: "Mama, mnachuma siku gani, na mnaweza kunibakishia mistari miwili?" Uliza pia kama mgeni anaruhusiwa kuchuma mwenyewe. Mashamba mengi ya kwetu hayana desturi hiyo. Kazi hufanywa na vibarua wenye mkono mwepesi, na mkulima anayekukubalia anajua kwamba utamkanyagia mche mmoja au miwili. Choo kipo? Mbwa hufungwa saa ngapi? Haya yaulize bila haya, hasa lile la mbwa.

Katika simu hiyohiyo uliza habari za dawa. Kila dawa ya kunyunyizia mimea ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna, na huandikwa kwenye lebo. Zipo za siku moja, zipo za wiki mbili. Kwenye ndizi swali hili halina uzito sana maana utamenya. Kwenye stroberi huna cha kumenya, na mtu akiwa shambani mkono hujipeleka mdomoni wenyewe. Kuosha kunapunguza, hakumalizi. Ila kuna namna ya kuuliza. Ukiuliza kama askari wa kaunti utajibiwa kama askari wa kaunti. Mimi husema, "Shosho, nakuja na watoto na hawa hawangoji kuosha. Mlipiga dawa lini?" Shosho mmoja wa upande wa Subukia aliwahi kunijibu, "Basi Jumamosi usije. Njoo Jumatano." Nilienda Jumatano, na tangu siku hiyo nikiwa pande zile sinunui kwa mtu mwingine.

Saa nzuri ya kufika ni kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, umande ukishakauka na jua halijachemka. Tunda lililochumwa likiwa na maji huota ukungu haraka, na lililochumwa saa saba mchana linabeba joto la jua hadi nyumbani. Mvua ikinyesha usiku kucha, ahirisha. Watu wa mjini husahau kwamba Molo iko juu zaidi ya mita 2,400, kwa hiyo unapotoka Nakuru na fulana utafika huko ukitafuta sweta la kuazima. Njoro ni karibu zaidi, kama kilomita 20 tu kutoka mjini, na baridi yake inavumilika. Mvua ndefu huanza Machi, na nyanda hizi za juu hazikauki Mei kama watu wa kwingine wanavyodhani. Julai na Agosti bado unaweza kukuta matope yanayofika kwenye kifundo cha mguu. Barabara ya lami itakufikisha njiapanda. Kutoka hapo muulize mwenyeji kama gari lako litapita. Akikuambia "Probox inapita", jua gari lako la chini halipiti, na umpange mtu wa boda mapema.

Vaa gambuti, lakini zioshe kabla ya kutoka nyumbani, usingoje kurudi. Kuna ugonjwa wa mnyauko unaoletwa na bakteria, unaoshambulia viazi na nyanya, na husafiri kwenye udongo ulioganda chini ya viatu. Ukitoka shamba moja kwenda jingine na tope la kwanza, umempelekea mwenyeji wako hasara itakayokaa kwenye udongo wake misimu kadhaa. Ukikuta karai la maji ya dawa langoni, kanyaga humo bila kuulizwa.

Kama unaenda na watoto, kuna kitu kimoja ambacho hakihusiani na matunda lakini ndicho kinachoninyima raha kuliko vyote: bwawa la kuvunia maji. Siku hizi shamba la stroberi mara nyingi humwagiliwa kutoka kwenye shimo kubwa lililotandikwa karatasi nyeusi ya plastiki. Kingo zake huteleza kama sabuni. Mtu mzima anayejua kuogelea akitumbukia humo hapati pa kushika, sembuse mtoto. Mahali pengine kuna uzio, pengine kuna kamba na vijiti tu. Ukifika, kabla ya salamu hazijaisha, uliza bwawa liko upande gani, uwaonyeshe watoto, na mtu mzima mmoja akae upande huo hata kama itabidi asichume kitu. Nilishamshika mwanangu kwa kola ya shati hatua tatu kutoka kwenye ukingo, akimfuata bata. Alilia kwa sababu ya bata.

Sasa kuchuma kwenyewe. Stroberi haiivi baada ya kuchumwa. Itabadilika rangi kidogo na kulainika, lakini haitaongeza utamu. Kwa hiyo usidanganywe na ncha nyekundu. Inua kikonyo uangalie shingo: ikiwa bado nyeupe chini ya yale majani madogo, iache kwa ajili ya watu wa kesho kutwa. Usivute tunda. Kata kikonyo kwa kucha, nusu kidole juu ya tunda, na kile kikofia cha majani kibaki. Iliyooza usiitupe kwenye mstari, maana ukungu wake utapanda kwenye zilizo nzima. Mwulize kibarua wanazitupa wapi.

Bluberi ni hadithi nyingine, na naitaja kwa sababu naulizwa. Nyingi za Kenya hutoka pande za Timau na Nanyuki na kwa mashamba makubwa ya Murang'a. Mmea huu unataka udongo mchachu kweli, pH ya kati ya 4.5 na 5.5, ndiyo maana wakulima wengi huupanda kwenye ndoo zenye udongo wa kuchanganywa badala ya ardhini, kisha wakaweka neti juu kuzuia ndege. Gharama hizo zote unazilipa kwenye kile kipakiti kidogo cha supamaketi. Ukipata mwenyeji wa kukuruhusu, kumbuka kwamba rangi ya buluu peke yake si kuiva. Angalia pale tunda linaposhikana na kikonyo: pakiwa na wekundu, liache siku chache zaidi. Lililoiva ukilisukuma na kidole gumba linadondoka kiganjani lenyewe, na ukilazimika kulivuta ujue halijawa tayari. Ule unga mweupe juu ya ngozi si dawa wala vumbi. Ni nta ya tunda lenyewe, na ukiifuta halitakaa.

Ukiwa huko hutarudi na stroberi tu. Utaona viazi, kabichi, minji, karakara. Viazi viulizie aina. Shangi huiva haraka jikoni lakini pia huchipua haraka, kwa hiyo usinunue gunia kama nyumbani mko wawili. Gunia lenyewe kisheria halizidi kilo 50, na ukiona lumbesa limevimba hadi kofia ya majani juu, jua kuna mkulima aliyeumizwa mahali hata kama wewe umefaidika. Kiazi chenye ubichi wa kijani kwenye ngozi kiache. Hiyo ni alama ya kukaa kwenye mwanga, na pana sumu. Karakara zilizoanguka zenyewe chini ya mmea usizidharau, ndizo zilizoiva, na zenye makunyanzi huwa tamu zaidi. Parachichi ni kinyume cha stroberi: mtini haliivi, litaivia kwako. Mahindi mabichi nunua mwisho kabisa na uyachemshe jioni hiyohiyo, sukari yake inageuka wanga kila saa inayopita.

Kuhusu pesa, beba noti ndogo. M-Pesa ipo, ila mtandao bondeni ni wa kubahatisha. Bei kubalianeni kabla ya kuinama kuchuma: ni kwa kilo au kwa chombo, na zile mtakazokula mkichuma zinahesabiwaje? Mimi hulipa kilo moja ya ziada bila kuambiwa nikiwa na watoto, kwa kuwa nimewaona.

Kurudi, viazi chini, kabichi juu ya viazi, matunda ndani pamoja na abiria, kamwe si kwenye buti. Usiyaoshe hadi saa ya kuyala. Jioni yatandaze mezani, uyachambue moja moja: mazima kwenye friji yakiwa tabaka moja, yaliyobonyea kwenye sufuria na sukari na nusu ya limau usiku huohuo, yenye ukungu kwenye pipa. Na kama mama mwenye shamba alikuazima kreti lake, lifute, uliweke karibu na mlango. Atakuuliza habari zake siku ukimpigia tena.