SOMO: Kuchagua kadi ya kuongeza kasi kwa Amiga 1200

Wakuu, habari zenu. Kila anayepata Amiga 1200, kompyuta ya nyumbani ya zamani, huuliza ninunue kadi gani ya kuongeza kasi. Mimi humrudishia swali: unataka kuifanyia nini hiyo mashine? Kadi hizi nyingine ni za bei ya kawaida, nyingine bei yake inamshinda mwenye mshahara mzuri, na watu wengi wanalipia megahezi ambazo hawatazitumia maishani. Msimamo wangu ni mmoja: kumbukumbu kwanza, prosesa baadaye. Nitaeleza kwa nini.

Hatua ya 1: Ijue mashine yako

Kampuni ya Commodore waliitoa Amiga 1200 mwishoni mwa 1992. Ina prosesa ya Motorola 68EC020 inayokwenda megahezi 14 na kumbukumbu ya megabaiti 2. Hizo megabaiti 2 zote ni kumbukumbu ya chipu, maana yake prosesa inagawana kumbukumbu hiyo na chipu zinazochora picha, zinazopiga sauti na zinazohudumia flopi. Chipu zikishika zamu, prosesa inasubiri. Picha ikiwa na rangi nyingi, kusubiri kunazidi.

Sasa ukiongeza kumbukumbu ya kasi, yaani ile inayofikiwa na prosesa pekee, foleni hiyo inakwisha. Mashine inakimbia karibu mara mbili ya mwanzo na prosesa ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Ndiyo maana kadi ya kumbukumbu tupu ya megabaiti 4 au 8, isiyo na prosesa yoyote juu yake, ndiyo inayokulipa zaidi kwa kila senti uliyotoa.

Hatua ya 2: Pima afya kabla ya kutoa hela

Hatua hii watu wanairuka, halafu wanailaumu kadi.

Fungua mashine uangalie kapasita zile ndogo za mviringo za bati zilizolala juu ya bodi mama. Kwenye A1200, kama ilivyo kwa ndugu zake A600 na A4000, kapasita hizo huvuja zikizeeka. Sogeza taa karibu na miguu yake: lehemu nzima inang'aa, iliyoguswa na maji ya kapasita inapoteza mng'ao na kuwa ya kijivu, na njia za shaba za jirani zinaanza kugeuka kijani. Fundi akigusa hapo kwa chuma cha moto, inatoka harufu ya samaki. Ukiona dalili hizo, hela ya kadi iende kwanza kwenye kubadilisha kapasita. Maji hayo yanakula shaba polepole, na kadi mpya haiyazuii.

Pili ni umeme. Adapta iliyokuja na A1200 ni dhaifu kuliko ile ya A500, ingawa plagi ni moja. Chukua mita, pima volti 5 kwenye waya mwekundu na mweusi wa flopi mashine ikiwa inafanya kazi. Ikishuka chini ya volti 4.75, kadi yoyote utakayoweka itaganda ganda. Tafuta adapta nzuri ya A500 au nunua mpya zinazotengenezwa siku hizi.

Hatua ya 3: Chagua kwa kazi

Michezo ya zamani. Hapa mfalme ni WHDLoad, programu inayoifanya michezo iliyoandikiwa flopi iendeshwe kutoka diski kuu. Inapenda kumbukumbu, haidai prosesa kali. Kumbukumbu ya kasi ya megabaiti 8 inatosha kwa sehemu kubwa ya michezo hiyo. Mtu wa kundi hili akinunua prosesa kali ya 68060 anatupa pesa.

Michezo ya pande tatu, kuchora, kuandika programu. Nenda kadi yenye prosesa ya 68030 ya megahezi 50. Hiki ndicho kiwango ninachokipenda zaidi. Haichemki sana, haili umeme sana, na programu nyingi za miaka ya 1990 zinatulia juu yake. Frontier ya 1993, mchezo wa kurusha meli za angani, ambayo kwenye mashine tupu inakwenda kwa kuburura miguu, hapa unairusha meli bila kusubiri picha. Blizzard 1230 ya phase5 kutoka Ujerumani ndiyo iliyolipatia jina kundi hili. Siku hizi kuna kadi mpya za Individual Computers, nao ni Wajerumani, na mpya ina faida ya kutokuwa na miaka 30 ya vumbi na joto.

68040 sikushauri kwa A1200. Inakwenda kwa volti 5, inachemka, na ndani ya boksi lile la plastiki hewa haina pa kupita. Chipu iliyoifuata, 68060 ya 1994, inatumia volti 3.3, kwa hiyo ina kasi zaidi na bado joto lake ni dogo. Ukivuka 68030, ruka moja kwa moja hadi 68060. Utaihitaji kwa mchezo wa Quake na kwa demo nyingi (programu za maonyesho ya picha na muziki) za miaka ya karibuni zinazotumia AGA, yaani chipu za picha za A1200, maana watunzi wake wanalenga 68060 ya megahezi 50. TF1260 ni mfano wa kadi mpya ya kundi hili, ila chipu yenyewe mara nyingi unajitafutia.

Kuna na njia ya tatu: PiStorm32-lite. Ni kadi inayobeba kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na programu ya Emu68 inatafsiri maagizo ya Motorola kuwa ya ARM, prosesa ya hiyo Pi, papo kwa papo, bila Linux katikati. Inaiacha 68060 mbali kwa kasi, na bei yake iko chini. Chipu za picha na sauti zinabaki za Amiga yako. Wapo wanaosema huko ni kudanganya. Mimi naona kama lengo lako ni kuitumia mashine kila siku, ni chaguo zuri. Kama unachopenda ni kuona Motorola halisi ikifanya kazi, baki na 68030.

Hatua ya 4: Soma maelezo ya kadi kwa makini

Herufi zina maana. 68EC030 haina MMU, sehemu inayosimamia kumbukumbu. 68LC040 na 68LC060 hazina FPU, sehemu ya hesabu za desimali. 68EC040 na 68EC060 hazina vyote viwili. MMU unaihitaji kwa mifumo ya NetBSD au Linux, na kwa kunasa makosa unapoandika programu. FPU unaihitaji kwa kuchora picha za pande tatu, na Quake. Michezo ya kawaida haiigusi.

Angalia pia kama kadi inaweza kuzimwa bila kung'olewa. Kuna michezo ya miaka ya 1980 inayokataa prosesa kali, na siku moja utataka kuicheza kutoka flopi yake.

Hatua ya 5: Kufunga

Zima, chomoa waya wa umeme, geuza mashine, toa kifuniko cha chini. Utaona meno ya shaba ya bodi mama, pini 150. Yapanguse kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, yakauke. Ingiza kadi ikiwa imelala sawasawa na sukuma kwa mikono miwili. Inabana. Ikigoma kabisa, fungua boksi uishike bodi mama kwa upande wa pili, vinginevyo unaisukuma yenyewe irudi nyuma na kadi haifiki mwisho.

Ukiwasha, fungua programu ya SysInfo uone kama prosesa na kumbukumbu vinatambulika. Kwa 68040 na 68060 hakikisha faili ya 68040.library au 68060.library iko kwenye folda ya LIBS, la sivyo programu zinazogusa FPU zitaanguka.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nina kadi ya megabaiti 8 isiyo na prosesa. Nikichomeka kadi ya mtandao pale ubavuni, haionekani au mashine inaganda. Kadi mbovu?

Jibu: Nzima kabisa. Prosesa ya A1200 inahesabu anwani kwa biti 24, na megabaiti 8 za kadi yako zinakalia anwani zile zile za PCMCIA, yaani tundu hilo la ubavuni. Tafuta jampa (kibanio kidogo cha pini) ya kushusha hadi megabaiti 4, migongano itaisha. Kadi za 68030 kwa kawaida hazina shida hii, kumbukumbu zake zinakaa kwenye anwani za biti 32.

Swali: Nimeona 68060 yenye FPU inauzwa rahisi mno mtandaoni. Nichukue?

Jibu: Taratibu. Zipo chipu za LC na EC zilizokwanguliwa uso na kupigwa maandishi mapya ili zionekane kamili. Omba picha ya karibu ya juu na chini, na muuzaji akubali kurudishiwa. Ikifika, ijaribu na programu inayotumia FPU siku hiyo hiyo. Kamili huandikwa MC68060 bila LC wala EC, lakini usiamini maandishi peke yake.

Swali: Shikamoo kaka. Mjomba ameniletea A1200 kutoka Uingereza, niko Tanga. Umeme wa huku utaiharibu?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Umeme wetu na wa Uingereza ni karibu sawa, na plagi ni ile ile ya miguu mitatu mraba, kwa hiyo hapo huhitaji kigeuzi. Weka stabilaiza, maana umeme ukipanda na kushuka adapta ya zamani haivumilii. Na kwa kuwa uko pwani, hewa ya chumvi inafanya meno ya shaba yafifie haraka. Kadi ikianza kupotea yenyewe, ichomoe, safisha meno, irudishe kabla hujaita fundi.

Swali: Nina 68030 mpya, inafanya kazi nusu saa kisha inaganda. Volti nimepima, 5.02. Kapasita zimeshabadilishwa.

Jibu: Angalia toleo la bodi mama, limeandikwa juu yake. Kama ni 1D4, zina tatizo linalojulikana la mpigo wa saa, na dawa yake ni kutoa kapasita mbili ndogo, E123C na E125C. Mpe fundi mwenye mkono mwepesi. Kabla ya hapo iendeshe kifuniko cha chini kikiwa wazi. Ikidumu zaidi ya nusu saa, basi ni joto, tafuta feni ndogo.

Swali: Na sisi wenye A500?

Jibu: Kanuni ni ile ile, mlango tofauti. Kadi nyingi zinaingia kwenye soketi ya prosesa yenyewe ya 68000, pini 64, na prosesa yako inahamia juu ya kadi au inapumzika kabatini. Ing'oe kwa kuinua kidogo upande huu, kidogo upande ule, miguu yake inapinda upesi. Kama kadi ina sehemu ya diski kuu, panga pia kununua ROM ya Kickstart 3.1, chipu yenye programu ya kuwashia mashine. Na kama una kipande cha kumbukumbu chini chenye betri, ifungue leo uangalie betri hiyo, inavuja vibaya kuliko kapasita.