Nyumba Kuukuu: Namna ya Kuomba Ushauri Kabla Fundi Hajashika Nyundo

Ukuta wa chumba cha nyuma ulilowa kwa chini, kimo cha goti, na rangi ikawa inabanduka kama magamba ya samaki. Nyumba yenyewe aliniachia shangazi yangu. Ina zaidi ya miaka 60, na kuta zake ni za matofali ya kuchoma yaliyojengewa kwa chokaa. Nikamwita fundi. Alitazama, akagusa kwa kiganja, akasema tubandue lipu tupige nyingine ya saruji nzito. Tukafanya hivyo. Baada ya miezi minne unyevu ulikuwa umefika kiunoni. Fundi wa pili akaja na rangi ya kuzuia maji, nayo ikafura malengelenge kabla mwaka haujaisha.

Wa tatu alikuwa mwashi mzee, na yeye hakuanza kwa kuingia ndani. Aliniuliza, "Mama, maji ya paa yanaangukia wapi?" Akazunguka hadi nyuma ya chumba kile, penye bustani ya maua niliyokuwa nimeijaza udongo mwaka hadi mwaka. Akachukua pimamaji na ubao mrefu, akapima kutoka kizingiti cha mlango. Udongo wa bustani ulikuwa umepita usawa wa sakafu ya ndani kwa sentimita 20. Kila mvua iliponyesha, maji ya paa yalimwagika pale pale na ukuta ukayanywa. Ile saruji niliyoilipia ilikuwa imeyafungia ndani: hayakupata pa kutokea, yakapanda juu.

Tuliondoa udongo, tukaiinamisha ardhi ili maji yaikimbie nyumba, tukafunga mchirizi kwenye paa, tukabandua saruji yote na kuyaacha matofali wazi. Ukuta ulichukua miezi saba kukauka. Ndipo tukapiga lipu ya chokaa, ambayo huruhusu unyevu kutoka. Mpaka leo ukuta ni mkavu.

Nimekisimulia kisa hiki kirefu kwa sababu ndicho kilichonifundisha kuuliza. Mafundi wale wawili wa kwanza hawakunidanganya. Niliwauliza "mtatengenezaje?", wakanijibu hilo hilo nililouliza. Yule mzee alianzia kwenye "kwa nini". Basi ukiwa na nyumba ya zamani, usimwite mtu yeyote kabla hujakusanya habari za kumwezesha kuitafuta sababu.

Chukua daftari, utembee nyumba nzima, uanzie juu ushuke chini. Andika unachokiona, kilianza lini, na kinazidi wakati gani: baada ya mvua, wakati wa joto, au mtu akioga chumba cha pili. Piga picha mbili za kila tatizo, moja ya mbali inayoonyesha ukuta mzima na moja ya karibu yenye rula pembeni. Picha ya karibu peke yake haimsaidii mtu, kwa sababu mahali doa lilipo hueleza mengi kuliko sura yake. Unyevu unaopanda kutoka ardhini mara nyingi hauzidi mita moja hivi kutoka sakafuni, na huacha unga mweupe wa chumvi. Doa linaloanzia darini linaelekeza paani. Doa la katikati ya ukuta ambalo halijali mvua wala jua, shuku bomba.

Kuna jaribio dogo ambalo huwa nalifanya kabla ya kumuuliza yeyote kuhusu unyevu. Kata kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne pasipite hewa, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa ya ndani unaogeuka maji kwenye ukuta wa baridi, na hapo dawa ya kwanza ni kupitisha hewa. Peleka jibu hilo kwa fundi, na mazungumzo yenu yatakuwa mengine kabisa.

Nyufa nazo zinataka subira, na hapa ndipo nimeona watu wengi wakipoteza fedha, wanaziba ufa ambao bado unatembea. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake zote mbili, andika tarehe kando, pima upana mahali palipo panene zaidi. Rudia kila mwezi. Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.8, hivyo ufa ambao kadi haiingii kwa kawaida ni wa lipu tu. Ukifika milimita 5, au ukienda mshazari kutoka pembe ya mlango au dirisha huku upande mmoja ukiwa mpana kuliko mwingine, au ukiona mlango uliokuwa unafunga vizuri umeanza kukwama, muite mhandisi wa majengo aje atazame msingi. Kwenye udongo wa mfinyanzi, ardhi huvimba ikilowa na kunywea ikikauka, kwa hiyo ufa unaweza kufunguka kiangazi na kujifunga masika. Ndiyo maana kipimo cha siku moja hakitoshi. Mimi nilifuatilia ufa wa sebuleni miezi 11. Haukusogea hata nukta, nikauziba kwa chokaa nikaendelea na mengine.

Paa lina ujanja wake. Mahali linapodondokea tone sipo linapoingilia. Maji huingia kwenye tundu la msumari uliolegea au chini ya kofia ya paa, yakateleza juu ya mbao za kenchi mita mbili tatu, ndipo yakadondoka. Panda darini mchana na tochi, uifuate michirizi myeusi kwenye mbao ukielekea juu. Ukiwa huko huko, gonga mbao kwa mpini wa bisibisi. Mbao nzima hulia kwa mlio mkavu. Iliyoliwa na mchwa hulia kama debe tupu, na ncha ya bisibisi huzama ndani bila nguvu. Tafuta pia vile vijia vya udongo wanavyopitia.

Umeme usiufungue wewe mwenyewe, lakini unaweza kuusikiliza. Swichi inayopata moto, harufu ya plastiki inayoungua, taa kufifia kila friji inapowaka, soketi zisizo na waya wa ardhi: andika vyote. Katika nyumba za zamani kuna waya zilizovikwa mpira au kitambaa, na mpira ule ukizeeka hukatika vipandevipande ukiguswa. Mwambie fundi umeme apime kwa kifaa uimara wa mfuniko wa waya na waya wa ardhi, kisha akuandikie namba alizopata. Aliyetazama kwa macho tu hajapima. Muulize pia kuhusu kikata umeme kinachojizima unapovuja, cha miliampia 30. Hicho huokoa maisha ya watu, nami nilikifunga kabla sijanunua hata kopo moja la rangi.

Kwa mabomba, funga bomba zote usiku, soma mita ya maji, isome tena asubuhi kabla hajaamka mtu. Namba ikiwa imesogea, kuna mahali maji yanavuja. Presha ikiwa ndogo na mabomba ni ya chuma, huenda kutu imeyaziba kwa ndani.

Jambo moja sitaki ulipite haraka. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na kwingine ziliendelea kuuzwa baada ya hapo. Usizipige msasa mkavu, na watoto wasikae karibu. Vivyo hivyo bati za asbesto na dari za aina hiyo: usikate, usitoboe, usivunje. Vumbi lake huharibu mapafu, na madhara hujitokeza baada ya miaka mingi. Hapo ushauri wa jirani hautoshi, tafuta mtu mwenye ujuzi wa kuziondoa.

Sasa uko tayari kuuliza. Swali langu la mwanzo kabisa lilikuwa, "Ukuta unalowa, nifanyeje?" Nikapata majibu tisa yanayopingana. Baadaye niliandika hivi: "Ukuta wa nje, matofali ya kuchoma na chokaa, umri zaidi ya miaka 60. Unyevu hadi sentimita 90 kutoka sakafuni, unazidi siku mbili baada ya mvua. Umepigwa lipu ya saruji mwaka jana. Nailoni imeonyesha maji upande wa ukuta. Udongo wa nje uko juu ya sakafu. Nianze na nini?" Ukiuliza namna hiyo, anayejua ataliona jibu na asiyejua atanyamaza.

Waulize watu wasiopungua watatu, na angalau mmoja awe asiyeuza dawa ya tatizo hilo. Ada ya mhandisi ya saa moja ilinigharimu kidogo kuliko ile lipu iliyobanduliwa. Kwa kila mmoja nina maswali mawili: "Unadhani chanzo ni nini, na umekionaje?" na "Tukiacha hivi miezi sita, kitaharibika nini?" Hili la pili hutenganisha la leo na la mwakani. Fundi anayekasirika ukimuuliza, mshukuru kwa muda wake na umwache aende.

Kazi ninazipanga hivi: paa na maji ya nje kwanza, kisha msingi na kuta, halafu umeme na mabomba, na mwisho kabisa lipu, sakafu na rangi. Kwenye makadirio yoyote naongeza sehemu moja kwa kila tano, maana ukuta wa zamani ukifunguliwa hutoa usiyoyatarajia. Mapatano yaandikwe: kazi gani, vifaa gani, nani anaondoa kifusi, na fedha za mwisho zitoke baada ya mvua ya kwanza kupita, ikiwa kazi ni ya paa.

Na kabla ukuta wowote haujafungwa, piga picha za waya na mabomba yaliyo ndani, tepu ya kupimia ikiwa imenyooshwa kutoka kona. Picha za bafu ninazo mpaka leo. Juzi nilitaka kutundika rafu, nikazifungua kwanza, nikaona bomba linapita sentimita 4 tu kushoto mwa alama niliyokuwa nimeiweka tayari kutoboa. Nikaisogeza rafu.