Mafaili Yasiyoonekana Kwenye Diski ya Nje: Namna ya Kuyatafuta Bila Kuyaharibu

Mtu anapochomeka diski yake ya nje na kukuta kwamba tasnifu, mahesabu ya duka au picha za harusi hazionekani, jambo la kwanza analotakiwa kufanya ni kuacha kuandika kitu chochote kwenye diski hiyo. Asinakili faili jipya humo, asisakinishe humo programu ya kurejesha mafaili, na likijitokeza dirisha linalomtaka aifomati diski, alifunge bila kukubali. Kompyuta inapofuta faili kwenye diski inayozunguka, kwa kawaida haipangusi yaliyomo. Huondoa tu kumbukumbu ya mahali faili lilipo na kuihesabu nafasi ile kuwa wazi, na yaliyomo hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo pilikapilika za dakika za mwanzo zinaweza kuleta hasara kubwa kuliko tukio lenyewe lililoyapoteza mafaili.

Hatua ya pili ni kutafuta tarakimu mbili na kuzilinganisha, na naisisitiza kwa sababu watu wengi huiruka na kukimbilia programu za kurejesha mafaili hata pale ambapo hakuna kilichofutwa. Kwenye Windows, bofya diski ya nje kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua “Properties”, kisha usome nafasi iliyotumika. Halafu ingia ndani ya diski, chagua folda zote unazoziona, na uangalie ukubwa wake kwa njia hiyohiyo. Ikiwa diski inasema kwamba GB 400 zimetumika ilhali folda zinazoonekana hazifiki GB 10, mafaili yako yamo humo humo, ila yamefichwa, yamefungwa au yako kwenye pipa la taka. Ikiwa nafasi iliyotumika nayo imepungua, mafaili yamefutwa au yamehamishwa. Ikiwa diski haitoi tarakimu yoyote, basi tatizo liko kwenye waya, kwenye mpangilio wa diski (namna mafaili yanavyopangwa na kuorodheshwa humo) au kwenye diski yenyewe. Usihesabu kuwa upotevu ile tofauti inayoonekana tangu diski ikiwa mpya: diski iliyoandikwa TB 1 huonyeshwa na Windows kuwa na takriban GB 931, kwa sababu mtengenezaji huhesabu kwa vipeo vya 10 na Windows huhesabu kwa vipeo vya 2.

Katika miji yetu, ambako diski moja hupita ofisini, steshenari, chuoni na studio ya picha ndani ya wiki moja, sababu inayostahili kuchunguzwa mapema ni kirusi cha njia za mkato (shortcut). Dalili yake haijifichi: folda zote zimegeuka vijialama vyenye mshale mdogo kwenye kona, au ndani ya diski mmebaki kijialama kimoja tu chenye jina la diski yenyewe. Zamani virusi vya flashi na diski vilijiendesha mara tu kifaa kilipochomekwa, lakini mwaka 2011 Microsoft ilisambaza sasisho lililozuia programu kujiendesha kutoka kwenye vifaa vya USB, na tangu hapo virusi vya aina hii hutegemea zaidi mwenye diski abofye mwenyewe. Ndiyo maana kirusi huficha folda halisi, kisha huweka mahali pake njia ya mkato yenye jina lilelile. Ukiibofya, folda yako hufunguka kama kawaida, na wakati huohuo kirusi huanza kazi kwenye kompyuta. Mtandao mkubwa wa virusi uitwao Andromeda, au Gamarue, uliotumia pia njia hii ya vifaa vya USB, ulisambaratishwa mwishoni mwa mwaka 2017 kwa ushirikiano wa FBI, Europol na wengineo, lakini kuvunja mtandao hakusafishi diski na flashi zilizokwisha kuambukizwa.

Ukiona dalili hizo, usibofye kijialama chochote. Anza kwa kuhakikisha kwamba kompyuta unayoitumia ni safi na antivirusi yake imesasishwa. Windows 10 na 11 huja na Defender, nayo inatosha kwa kazi hii. Kompyuta yenye kirusi itaificha tena kila folda utakayoifichua, nawe utaona kana kwamba tiba haifanyi kazi. Pitisha antivirusi kwenye diski nzima, kisha angalia herufi ambayo Windows imeipa diski hiyo. Tuseme ni E. Fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya utafutaji, kisha andika amri ifuatayo na ubonyeze kitufe cha Enter:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hii huondoa alama tatu ambazo kirusi huwa kimebandika: ya kufichwa, ya kutobadilishwa na ya kuwa mali ya mfumo. Alama hii ya tatu ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu faili lenye alama ya mfumo haliwezi kuonekana kwa kuwasha “Hidden items”, yaani chaguo la kuonyesha vilivyofichwa, peke yake. Hulazimu pia kuondoa tiki kwenye mpangilio unaoficha mafaili ya mfumo. Kwenye diski yenye maelfu ya picha, amri inaweza kuchukua muda bila kuonyesha chochote, na katika muda huo diski isichomolewe. Ikimaliza, ingia tena ndani ya diski. Baadhi ya virusi hukusanya kila kitu ndani ya folda moja isiyo na jina linalosomeka, kwa hiyo ukikuta folda ambayo jina lake ni kama nafasi tupu, ifungue kabla ya kudhani kwamba hakuna kilichopatikana. Folda zikiisha kurudi, futa njia za mkato zilizobaki, lakini zifute kwa kuzichagua, bila kuzibofya mara mbili.

Watumiaji wa Mac huonyesha vilivyofichwa kwa kubonyeza Command, Shift na nukta kwa pamoja ndani ya Finder. Ikiwa folda unaiona lakini inakataa kufunguka, huenda iliundwa na akaunti nyingine ya Windows, labda ya kompyuta ya zamani. Hapo mtumiaji mwenye mamlaka ya msimamizi atapaswa kujipa ruhusa kupitia sehemu ya usalama ya folda hiyo.

Kwa mafaili yaliyofutwa, anzia kwenye pipa la taka, na ukumbuke kwamba kwenye Windows diski ya nje hubeba pipa lake yenyewe, ndani ya folda iliyofichwa iitwayo $RECYCLE.BIN. Kila mtumiaji ana sehemu yake humo, hivyo faili lililofutwa kwa kompyuta ya ofisini halitaonekana kwenye pipa la kompyuta ya nyumbani, ingawa limo ndani ya diski ileile na linaendelea kula nafasi. Njia rahisi ni kuirudisha diski kwenye kompyuta iliyofuta. Ikiwa haipatikani, fungua folda hiyo na utafute mafaili ambayo majina yake yanaanza na $R: jina halisi limebadilishwa lakini kiambishi cha mwisho, kama .docx au .jpg, kimebaki, na mara nyingi ukilinakili faili mahali pengine litafunguka. Flashi kwa kawaida haina pipa la namna hii. Kikifutwa humo kimepita moja kwa moja.

Pipa likiwa tupu, ndipo programu za kurejesha mafaili hupata nafasi. Recuva ni nyepesi na inafaa kwa faili lililofutwa karibuni. TestDisk na PhotoRec, zote za bure, zina nguvu zaidi: TestDisk inaweza kurudisha sehemu nzima ya diski iliyopotea pamoja na majina ya folda, ilhali PhotoRec hutambua mafaili kwa maumbile yake ya ndani bila kujali kumbukumbu za diski, na kwa hiyo hurudisha picha na nyaraka bila majina yake ya awali. Mwenye picha elfu kadhaa ajiandae kwa kazi ya kuzipanga upya. Programu isakinishwe kwenye kompyuta, na kinachorejeshwa kihifadhiwe kwenye diski nyingine, kamwe si ileile inayotafutwa. Kwenye diski za SSD, ambazo hazina sehemu inayozunguka, matumaini ni madogo zaidi, kwa sababu mfumo unaweza kuiarifu diski mara moja kwamba nafasi fulani haihitajiki tena, nayo diski ikaisafisha yenyewe.

Diski isipoonekana kabisa, badilisha waya kabla ya kubadilisha mawazo. Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampea 500, na la USB 3.0 miliampea 900. Diski inayozunguka ikichomekwa kwenye tundu dhaifu, au kupitia kigawanyio kisicho na umeme wake, inaweza kuwaka taa na isisomeke. Kisha andika diskmgmt.msc kwenye sehemu ya utafutaji ya Windows ili ufungue dirisha la kusimamia diski. Diski ikionekana pale bila herufi, ipe herufi na mafaili yatarudi. Ikiwa iliandaliwa kwenye Mac kwa mpangilio wa APFS au HFS+, Windows haitaisoma na itataka kuifomati, ilhali haina kasoro yoyote. Ichomeke kwenye Mac. Uliza pia kama kuna mtu nyumbani aliyeichomeka kwenye televisheni au king'amuzi chenye uwezo wa kurekodi, kwa sababu vingi vya vifaa hivyo huomba kuifomati diski kabla ya kuanza, na asiyeelewa hubofya ndiyo.

Diski ikiandikwa RAW kwenye dirisha hilo la diskmgmt.msc, maana yake Windows imeshindwa kuutambua mpangilio wa diski. Wengi hushauri kutumia amri ya Windows iitwayo chkdsk /f hapohapo, nami sikubaliani nao. Amri hiyo hutengeneza mpangilio wa diski, haikuundwa kuokoa mafaili. Katika kutengeneza inaweza kukata vipande visivyoeleweka na kuviweka ndani ya folda iitwayo FOUND.000 kwa majina yenye mwisho wa .CHK. Okoa kwanza kwa TestDisk, tengeneza baadaye.

Iwapo diski inatoa mlio wa kugonga unaojirudia, au imeanguka ikiwa inazunguka, ichomoe na usiijaribu tena, kwa kuwa kila mzunguko unaweza kuukwaruza uso wenye kumbukumbu. Unapoipeleka kwa fundi, muulize kama atachukua kwanza nakala nzima ya diski, kwa mfano kwa ddrescue, programu ya kunakili diski zenye hitilafu, kisha afanye kazi kwenye nakala hiyo. Anayejibu kwamba ataifungua diski mezani kwake asipewe. Mweleze pia aina ya diski, kwa sababu baadhi hufunga mafaili kwa ufunguo ulio kwenye bodi ndogo ya ndani ya kasha, na bodi hiyo ikitupwa, kuisoma diski peke yake hakutasaidia kitu. Mafaili yakipatikana, fungua nyaraka na video kadhaa kutoka folda mbalimbali na uzikague mpaka mwisho, kisha utengeneze nakala ya pili kwenye kifaa kingine, ndipo uiruhusu diski ya zamani ifomatiwe.