Kabla hujaiachia Excel ipange madaraja ya wanafunzi

Mwisho wa muhula mwalimu wa taaluma anapokea alama kwa karatasi, kwa WhatsApp na kwa flashi, na mkuu wa shule anataka matokeo ubaoni kabla wanafunzi hawajafunga. Haraka hiyo ndiyo inayowafanya walimu wengi wafungue faili la muhula uliopita, wafute alama za zamani, wabandike mpya na kuiacha fomula ya IF ("kama sharti ni kweli, toa hiki; la sivyo, kile") imwage madaraja yenyewe. Kabla hujafanya hivyo, yapitie haya. Nimeona ripoti zilizokwisha kufika kwa wazazi zikirudishwa shuleni, na sitamani yakukute.

Viwango viandike pembeni ya jedwali, visikae kichwani. Hapa Tanzania, kwa kidato cha nne A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na chini ya 30 ni F. Kidato cha sita kina viwango vyake, A inaanzia 80 na kuna E na S katikati. Usichukue faili la kidato cha nne ukalitumia kwa cha sita kwa sababu tu fomula "inafanya kazi".

Masharti ya IF yapange kuanzia juu kushuka chini. Excel husoma sharti la kwanza, likiwa kweli inaishia hapo hapo. Ukianza na >=30, mwenye 92 naye atapewa D.

Fomula inayorejea jedwali la viwango iwekee alama ya dola, kwa mfano $K$2:$L$6. Bila hiyo, ukiivuta kwenda chini na viwango vyenyewe vinahama, na wanafunzi wa mwisho kwenye orodha wanapimwa kwa seli tupu. Na ikiwa fomula uliyotumiwa inakataa kabisa kwenye kompyuta yako, angalia kwanza kama mashine yako inataka nukta-mkato mahali pa mkato. Hilo linatokana na mpangilio wa nchi ulioko ndani ya kompyuta.

Kolamu ya namba za mtihani ifomati kuwa Text kabla hujaandika kitu. Ukichelewa, 0007 inakuwa 7, na kubadilisha fomati baadaye hakurudishi sifuri zilizopotea. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya mzazi ni hatari zaidi: ina tarakimu 20, na Excel hutunza 15 tu. Ukiiandika mfululizo kama namba ya kawaida, zinazobaki zinageuka sifuri na huwezi kuzipata tena.

Alama za majaribio zisiandikwe 7/10. Excel inaona tarehe. Kompyuta iliyopangwa kusoma siku kabla ya mwezi itaandika 7 Oktoba, na ndani ya seli tarehe ni namba ya siku zinazohesabiwa tangu mwaka 1900. Tarehe 7 Oktoba 2024, kwa mfano, ni 45572. Iulize fomula yako kama 45572 inazidi 75, halafu tazama daraja.

Sasa lile ambalo watu hawaliamini mpaka waone kwa macho yao.

Shule moja ya sekondari, ambayo sitaitaja, ilitoa ripoti za kidato cha nne baada ya mock. Siku iliyofuata mama mmoja akaja ofisini na ripoti ya binti yake. Hakuja kugomba, alikuja kuuliza. Binti alikuwa amelazwa wiki ile ya mtihani na pepa ya Fizikia hakuifanya, mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akilala naye wodini. Ripoti ilisema: Fizikia, A.

Wakadhani ni kosa la kuchapa. Nilikuwepo faili lilipofunguliwa. Kwenye seli ya alama kulikuwa kumeandikwa ABS, yaani hakuwepo, kama utaratibu wa shule unavyotaka. Seli ya jirani ilikuwa na A, imewaka kijani. Hakuna aliyeichapa ile A kwa mkono, fomula ndiyo iliyoitoa.

Sababu ni hii. Excel ikilinganisha neno na namba, neno siku zote huhesabiwa kuwa kubwa kuliko namba yoyote. Ukiuliza kama ABS ni >=75, jibu ni kweli. Programu haijaharibika, imeundwa hivyo. Rangi za Conditional Formatting, zile zinazojiweka zenyewe kwa sharti, nazo hufuata kanuni hiyo hiyo: ukiiambia iweke kijani kwa kila kinachozidi 74, ABS inapata kijani chake. Macho yanaona A ya kijani, mwalimu anaridhika, ripoti inachapwa.

Tukaendelea kushuka kwenye orodha, na Kemia ikawa mbaya zaidi. Alama zake zilitumwa kwa simu, zikanakiliwa na kubandikwa, na nyingine ziliingia kama maandishi. Ukiitazama seli unaona 38. Kwa Excel ile 38 ni neno tu, sawa na jina la mtu, kwa hiyo inazidi 75, kwa hiyo ni A. Kwa kawaida ungeshtuka mapema, maana namba hukaa upande wa kulia wa seli na maandishi hukaa kushoto. Lakini mtu alikuwa ameliweka jedwali zima katikati ili lipendeze, na dalili hiyo ya wazi ikafutika. Tangu siku hiyo nasisitiza kwa kila mwalimu: usipange alama katikati mpaka umemaliza kuhakiki. Urembo uwe wa mwisho.

Tazama ilivyomgusa yule binti. Divisheni hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba yaliyo bora, A ikiwa 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Ile A ya Fizikia iliingia na pointi 1, ikaitoa nje C ya somo jingine yenye pointi 3. Jumla yake ikatoka 19 ikawa 17, na divisheni ya pili ikawa ya kwanza. Kwenye Kemia kulikuwa na kijana aliyekwisha kupongezwa mstarini mbele ya shule nzima. Orodha iliporekebishwa akashuka, na wenzake wakasema alibebwa. Hakubebwa na yeyote, wala hakufanya kosa lolote. Watu wazima ndio hawakuangalia.

Kwa hiyo, kabla ya daraja lolote, fomula iulize kwanza kama kilichomo ni namba. Kama alama iko C5, andika hivi:

=IF(ISNUMBER(C5),IF(C5>=75,"A",IF(C5>=65,"B",IF(C5>=45,"C",IF(C5>=30,"D","F")))),IF(C5="ABS","ABS","ANGALIA"))

Hapo asiyefanya mtihani anabaki ABS. Seli tupu, ambayo fomula ya kawaida ingeichukua kama sifuri na kuipa F, inakuambia ANGALIA, na ile 38 ya maandishi vilevile. Ila ISNUMBER haikamati tarehe, kwa sababu tarehe ni namba. Basi chini ya kila somo weka =MAX(C5:C64), ambayo hutoa namba kubwa kuliko zote, na ikizidi 100 ujue kuna jambo. Weka pia =COUNT(C5:C64), ambayo huhesabu namba halisi tu. Jibu lake lazima lilingane na idadi ya waliofanya pepa. Wakiwa 58 na COUNT ikasema 51, saba hao watafute kabla hujagusa kitu kingine.

Ukizipata alama zilizoingia kama maandishi, kubadilisha fomati kuwa Number hakutoshi, seli inabaki na maandishi yake. Chagua kolamu, nenda kwenye Data, fungua Text to Columns, bonyeza Finish. Zikihamia kulia, zimekuwa namba. Data Validation, yaani kizuizi cha kinachoruhusiwa kuandikwa, ya 0 hadi 100 iweke pia, lakini jua kwamba inamzuia anayechapa tu. Anayebandika anapita.

Desimali. Mwanafunzi mwenye 44 na 45 ana wastani wa 44.5. Ukificha desimali, seli inaonyesha 45 na fomula bado inasoma 44.5, inatoa D. Mzazi anaona 45 na D, na viwango vilivyochapwa chini ya ripoti vinasema 45 ni C. Kubalianeni shuleni kama mnakadiria, kisha mtumie ROUND ndani ya fomula yenyewe. Rangi nazo ukizipanga kwa "kati ya 30 na 44" halafu "kati ya 45 na 64", 44.5 haipati rangi yoyote.

Rangi zisizidi tatu. Usipake kwa mkono kuonyesha nani hajalipa au nani amehama. COUNTIF, fomula ya kuhesabu seli zenye sharti fulani, haihesabu rangi. Fungua kolamu, andika neno, kisha rangi ifuate neno. Ukitaka mstari mzima uwake kwa mwenye F, sharti liwe =$H5="F", dola ikiwa kwenye herufi tu. Kila ukikata na kubandika, sheria za rangi hugawanyika na kujirudia, kwa hiyo bandika kwa Paste Values, inayobandika kilichomo tu bila rangi, na ufungue Manage Rules mara kwa mara kuona zipo ngapi. Na kumbuka steshenari itachapa nyeusi na nyeupe: nyekundu na kijani vyote vitatoka kijivu, na daraja lisiloandikwa kwa herufi litakuwa limepotea.

Baki na nakala ya alama ghafi ambayo haiguswi na fomula yoyote. Kolamu za fomula zifunge kwa nywila. Kwenye kundi la wazazi usitume faili linaloweza kuhaririwa, wala orodha yenye alama za watoto wote; kila mzazi apate ya mtoto wake. Chukua ripoti chache, ya juu, ya katikati na ya mwisho, uzilinganishe na karatasi za mitihani zilizosahihishwa. Mpe mwalimu mwingine apitie, ambaye hakuchapa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, usiendelee ulipoishia bila kuangalia kama mstari wa mwisho ulihifadhiwa. Na usichape ripoti usiku wa manane.