SOMO: Kuchora msingi wa nyumba kwa kamba mbili, ufundishe mstatili

Naandika mara moja hapa maana nimechoka kujibu inbox. Njia ni ya wajenzi wa vijijini Msumbiji, hayati Paulus Gerdes, mwanahisabati mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi hukohuko, aliieleza vizuri sana.

1. Kata kamba mbili za mita 5, zilingane kabisa. Andaa vigingi 4.

2. Kunja kila kamba katikati, tia alama ya chaki.

3. Unganisha alama kwa alama. HAPA NDIPO NILIPOHARIBU. Nilizifunga kamba zenyewe fundo, fundo likala kamba, katikati ikahama, watoto wakachora trapeza huku mimi nawaambia ni mstatili, hadi mmoja akapima akanionyesha pande mbili hazilingani. Tumia uzi mwingine mwembamba, zungushia alama zote mbili, kaza. Na usichukue kamba ya nailoni, ukiivuta inarefuka.

4. Vuta ncha nne zikaze, piga vigingi.

5. Zungushia kamba nyingine nje. Tayari. Usiwaambie ni umbo gani, waache wapime.

Swali: Kamba ziwe urefu gani mwalimu?
Jibu: Hatua ya 1.

Swali: Moja ikiwa fupi kidogo si inakubali tu?
Jibu: Haikubali. Unapata msambamba, nyumba imelala upande. Nimeandika zilingane kabisa.

Swali: Mi nauliza, kwa nini kona zinatoka 90 wakati hatujapima pembe hata moja?
Jibu: Swali zuri mno hili, ndo somo lenyewe. Nusu zote nne za kamba ziko sawa, kwa hiyo unapata pembetatu pacha (zenye pande mbili sawa) nne. Kila kona ina pembe mbili, moja ya pembetatu ya huku na moja ya kule, na jumla hiyo ni ileile kona zote. Kona nne ni 360, gawanya. Halafu wape waongeze au wapunguze uwazi wa kamba: upande mmoja ukiwa mita 3 mwingine unakuwa 4, eneo 12. Zikikatana pembe mraba unapata mraba, eneo 12.5, hakuna linalozidi hapo. Waache wahangaike wenyewe na kwa nini.

Swali: Na msonge je?
Jibu: Kigingi kimoja, kamba moja, zunguka. Kisha kamba hiyohiyo, bila kuikata, ipime kwenye duara ikiwa imenyooka, isifuate mviringo, kutoka alama hadi alama, inaingia mara 6 kamili, hapo ndo unasimamisha nguzo.

Swali: Nikikosa chaki?
Jibu: Mkaa.